Sura ya Sita: Kigoga Fedha

Anayetaka kuvijua vigoga vya Nachingwea na Ruangwa asianze kwa kupanda mlima. Aanze kwenye ngazi ya saruji ya jengo la zamani, kwenye mdomo wa kalavati, kwenye ukingo wa kisima kilichojengewa, au juu ya mwamba mtupu kando ya njia, ule ambao mbuzi hupenda kuota jua asubuhi. Hapo atafute madoa ya kimea chenye kimo cha milimita chache, kijani kilichofifia upande wa chini, cheupe chenye mng'aro upande wa juu. Wapita njia hukidhania vumbi la saruji au mavi ya ndege yaliyokauka. Jina lake la kisayansi ni Bryum argenteum, na neno hilo la pili linahusu fedha, yale madini. Katika kitabu hiki nitakiita kigoga fedha.

Nimekipa sura nzima kwa sababu ndicho kigoga ambacho mtu asiye na hadubini anaweza kukitaja kwa jina na asibishiwe. Vigoga vingi havina ukarimu huo. Unaweza kukaa na kimoja jioni nzima, ukakata jani lake kwa wembe, ukapima seli zake, na bado ukaishia kuandika jenasi tu na alama ya kuuliza. Kigoga fedha kinataka macho, lenzi ya mkono inayokuza mara 10, na maji kidogo. Tena ukishakijua hapa, umekijua kila mahali, kwani kimeandikwa katika mabara yote, Antaktika ikiwemo. Huota katika nyufa za barabara za London na New York. Huko Marekani wenye viwanja vya gofu wanakihesabu kuwa adui: huingia kwenye zile nyasi fupi za kuzunguka shimo, na wao hutumia fedha nyingi kukipulizia dawa.

Nchi tunayoizungumzia iko ndani ya mkoa wa Lindi, mbali na upepo wa bahari. Mvua huja kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, kisha mbingu hufunga. Miti ya miombo hupukutisha majani, nyasi huungua, na mwamba ulio wazi hushika moto mchana hata mkono haukai juu yake. Miamba yenyewe ni ya kale sana, mingi ni naisi, ile yenye mistari ya rangi nyeusi na nyeupe. Ukielekea Masasi utaona milima ya mawe ikichomoza peke yake katikati ya tambarare. Ni mahali pa ajabu pa kuutafuta mmea usio na mizizi.

Na kweli kigoga hakina mizizi. Kina vinyuzi vya kujishikiza tu. Majani yake kwa kawaida yana unene wa seli moja, hayana ngozi ya nta ya kuzuia maji yasitoke, wala matundu ya kufunga na kufungua. Mkorosho, mti ambao ndio mfuko wa wakulima wa wilaya hizi mbili, hupambana na kiangazi kwa kupeleka mizizi chini sana na kubana matumizi ya maji. Kigoga hakipambani. Jua likiwaka, nacho hukauka pamoja na mwamba. Sukari iliyomo ndani ya seli hushikilia utando na viungo vya seli visivunjike, shughuli zote husimama, na kimea hukaa hivyo wiki, miezi, pengine miaka. Hakijafa. Yakija maji, hunywa kwa mwili mzima, na baada ya dakika chache huanza tena kupumua. Usanisinuru hufuata muda si mrefu.

Mwaka 2024 wanasayansi wa China walitangaza habari za kigoga cha jangwani, Syntrichia caninervis, ambacho kilipoteza zaidi ya asilimia 98 ya maji yake na bado kikafufuka kilipoloweshwa. Walikigandisha pia kwa miaka 5 katika baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri, nacho kikachipua. Habari ile ilizunguka dunia kwa sababu ya ndoto za kuotesha mimea kwenye sayari ya Mars. Mimi iliyonivutia ni ile sehemu ya kukauka, kwa sababu vigoga vya miamba yetu vinaifanya kazi hiyohiyo kila mwaka bila kuandikwa na gazeti.

Kuna jambo moja hapa ambalo mtafutaji lazima alijue kabla hajamwaga maji. Kufufuka kuna gharama. Kila kigoga kinapolowa baada ya kukauka, mwanzoni hutumia akiba yake ya sukari kukarabati kilichoharibika, na faida huja baadaye, kikipata saa za kutosha za mwanga kikiwa bado kibichi. Mvua ya rasharasha inayoanguka mchana na kukauka upesi ni hasara kwake. Hulipia matengenezo halafu hakifungui duka. Kiangazi kirefu kisicho na tone hukiumiza kidogo kuliko vinyunyu vya namna hiyo. Kwa hiyo usimwagie doa zima chupa ya maji ili upate kuangalia. Ng'oa mashina matatu au manne kwa ncha ya kisu, uyaweke kiganjani, uyaloweshe hayo. Yaliyobaki yaache yamalize usingizi wao.

Sasa tuangalie. Anza kikiwa kikavu, na hili ni jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa kwenye nchi za mvua ya kila wiki hulipita haraka. Shina moja la kigoga fedha chini ya lenzi linafanana na msuko mwembamba wa nywele: duara, laini, majani yamelaliana kwa kubanana kuanzia chini hadi kileleni, hakuna jani linalochomoza pembeni. Jani lenyewe ni pana, limebonyea, na urefu wake mara nyingi hauzidi milimita moja. Nusu yake ya chini ni kijani. Theluthi au nusu ya juu haina rangi kabisa, kwa kuwa seli zake zimekufa, zimebaki kuta tupu zinazorudisha mwanga. Huo ndio mng'aro. Kwa kuwa kila jani hufunika kitako cha jani lililo juu yake, kinachoonekana kwa nje ni zile ncha nyeupe tu, na kijani kilicho hai kimejificha ndani chini ya kivuli cha wafu wake.

Kisha tia tone la maji. Mng'aro hufifia mbele ya macho yako na kijani hujitokeza, lakini umbo la shina halibadiliki sana: linabaki duara, majani bado yamelaliana. Kumbuka hilo. Rangi inageuka, umbo linabaki. Kwa maoni yangu dalili hii ina nguvu kuliko weupe wenyewe, kwa maana weupe unadanganya. Kigoga fedha kilichoota kivulini, tuseme nyuma ya tangi la maji la shule, huwa kijani zaidi na mtu aliyezoea cha juani anaweza kukikana. Kilichoota penye jua kali huwa na ncha ndefu za majani zilizochongoka, mpaka doa zima linaonekana lina manyoya. Wengine waliwahi kuvitenga kama aina tofauti. Umbo la shina, hata hivyo, ni lilelile.

Ruangwa ina mtego wake wa pekee. Wilaya ile ina madini ya kinywe, na maeneo kama Matambarale yamejulikana kwa sababu hiyo. Mawe yenye kinywe hung'aa kwa rangi ya kijivu cha fedha, na mawe yenye ulanga, ambayo ni mengi kwenye naisi, humeta pia. Ukiwa umesimama, doa la kigoga na kibao cha ulanga vinaweza kukuchanganya kwa muda. Piga goti, pitisha kidole. Kinywe kitakuachia weusi kidoleni, ulanga utabanduka kwa magamba, na kigoga kitakuwa laini chenye kukwaruza kidogo.

Mtego wa pili ni kuvumwani, yaani kuvu na mwani walioungana na kuishi kama kiumbe kimoja. Kuvumwani ndicho kinachoipaka miamba ya nchi hii rangi nyingi: kijivu, chungwa, njano, nyeusi. Kipo cheupe pia. Lakini hakina shina wala jani. Chini ya lenzi utaona ganda, au vipande vyenye kingo zilizokunjamana, vimegandamana na jiwe kiasi kwamba kisu hukwangua jiwe pamoja navyo. Anayeona majani yaliyopangwa kwenye shina hana haja ya kukifikiria tena kuvumwani.

Mtego wa tatu uko mtini. Kwenye magome, hasa ya minazi na miti mingine mikubwa, huota kigoga cheupe kinachoitwa Octoblepharum albidum. Nacho kinapatikana katika nchi nyingi za joto, na ni cheupe kweli kikikauka. Majani yake hata hivyo ni marefu, manene, membamba kama utepe, yamesimama kila upande, na huvunjika kwa urahisi. Kwanza kabisa, kiko kwenye gome. Sheria ya kwanza ya utambuzi wa vigoga ni kuandika kilipoota kabla ya kuandika kinavyoonekana, na wanafunzi wengi huisahau kwa haraka ya kukibeba nyumbani.

Tukirudi kwenye mawe na saruji, majirani wa kigoga fedha wanaohitaji uangalifu ni watatu. Hyophila involuta hupenda kuta na mawe yenye chokaa yanayopata maji mara kwa mara, kama ukingo wa kisima. Kikiwa kikavu ni cha kahawia au kijani kizito na majani yake yamejikunja kwa ndani hata unaona vijiti vilivyopinda. Kitie maji uone: baada ya sekunde chache majani hufunguka yakawa vindimi bapa vilivyotandazwa. Badiliko hilo la umbo ndilo ambalo kigoga fedha hakina, na ukiviweka viwili hivi pamoja kiganjani chini ya tone moja la maji utajifunza zaidi ya kurasa tano za maelezo yangu.

Wa pili ni ndugu yake wa karibu, Bryum coronatum. Huyu naye yuko kwenye saruji na udongo mgumu wa kando ya njia katika nchi za joto, mara nyingi wakiwa wamechanganyika. Rangi yake ni kijani cha manjano, hana weupe, na majani yake ni membamba yenye mshipa wa kati unaotokeza nje ya ncha kama mwiba. Kinachomtambulisha kabisa ni kifuko cha spora. Wote wawili huning'iniza kifuko kichwachini kwenye kikonyo chekundu, ila cha coronatum kina shingo iliyovimba pale kinapoungana na kikonyo, pana kuliko kifuko chenyewe. Cha kigoga fedha ni kifupi, chekundu cha kuiva au kahawia, na shingo yake haijavimba hivyo.

Wa tatu ni wa jenasi ya Campylopus, ambao hukaa kwenye udongo mwembamba uliokusanyika juu ya mwamba, hasa penye kokoto na mchanga. Baadhi yao, kama Campylopus pilifer, wana unywele mweupe kwenye ncha ya kila jani, na doa lao likitazamwa kwa mbali lina mvi. Lakini mashina yao ni marefu na magumu zaidi, majani ni kama mikuki, na mshipa wa kati ni mpana ajabu, unachukua sehemu kubwa ya upana wa jani. Mvi kwao ni unywele wa mwisho tu. Kwa kigoga fedha ni nusu ya jani zima.

Wenye vitabu vya Ulaya wataniuliza habari za Grimmia, ile mito midogo ya kijivu inayopamba kuta za mawe za huko, maana kwao ndicho kigoga cha mahali pakavu kinachofundishwa kwanza. Afrika Mashariki jenasi hiyo ni ya milima mirefu. Kwenye Mlima Kenya kuna Grimmia inayojiviringisha kuwa mpira na kubiringika juu ya ardhi, na hiyo ina sura yake mbele. Ukiwa Nachingwea, mahali penye zaidi ya mita 400 tu kutoka usawa wa bahari, usianze kwa kuitafuta.

Utagundua kwamba sijakutaka usubiri vifuko vya spora ili ukitambue kigoga fedha, ingawa vitabu vya zamani vililazimisha hivyo. Johann Hedwig, daktari aliyezaliwa 1730 huko Kronstadt na kufia Leipzig 1799, ndiye aliyeonyesha jinsi vigoga vinavyozaa, na kitabu chake kilichotoka 1801, baada ya kifo chake, ndicho wanabotania walichokubaliana kuwa mwanzo wa majina halali ya vigoga. Linnaeus alikuwa amekwisha kukitaja kigoga fedha tangu 1753, lakini ni Hedwig anayeandikwa baada ya jina. Kazi yake ilijengwa juu ya vifuko na meno madogo yaliyozunguka mdomo wa kifuko. Shida ni kwamba kigoga fedha kina mashina ya kiume na mashina ya kike mbalimbali, na mbegu za kiume lazima zisafiri ndani ya maji. Doa lenye mashina ya kike tu halizai kifuko.

Hapa kuna utafiti nisioacha kuusimulia kila nipatapo nafasi. Mwaka 2006 wanasayansi wa Sweden, wakiongozwa na Nils Cronberg, walitenganisha mashina ya kiume na ya kike ya kigoga hiki kwa sentimita chache, mengine wakayawekea utitiri na wadudu wadogo wanaoruka waitwao kolembola, mengine wakayaacha bila wadudu. Palipokuwa na wadudu, mbegu zilifika na vifuko vikatokea, hata pale pasipo na maji ya kuunganisha mashina hayo. Tulikuwa tumezoea kufikiri kwamba kubebewa mbegu na wadudu ni uvumbuzi wa mimea ya maua. Kumbe kimea hiki, chenye nasaba iliyotangulia maua kwa muda mrefu mno, nacho kina wapambe wake.

Pasipo wapambe hujizalia chenyewe. Vichipukizi vidogo kwenye mashina hukatika, vikabebwa na maji ya mvua, upepo, soli ya kiatu au tairi. Ndiyo maana kinamfuata binadamu. Hupenda mahali panapokanyagwa na penye mbolea kidogo ya mifugo au ndege, mahali ambapo mimea mikubwa imeshindwa kushika.

Saruji ya kwanza kwa wingi iliingia Nachingwea na Waingereza wa mradi wa karanga. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Tanganyika na nchi jirani kwa wiki 9, sehemu kubwa ukiangalia nchi kutoka angani, ukarudi na pendekezo la kulima zaidi ya ekari milioni 3. Kongwa, Urambo na Nachingwea zikachaguliwa. Hapa wakafyeka pori, wakajenga reli kutoka upande wa Mtwara, wakamwaga zege. Januari 1951 serikali ya Uingereza iliufuta mradi baada ya kutumia takriban pauni milioni 36. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Shamba namba 17 la mradi huo likaja kuwa kambi ya wapiganaji wa FRELIMO, ambao waliondoka hapo kwenda kuichukua Msumbiji huru mwaka 1975. Sidai kwamba kigoga kingewashauri vizuri zaidi wale wa ndege. Ninachosema ni kwamba kila walipoacha sakafu, daraja au msingi wa nyumba, waliacha mwamba mpya wenye chokaa, na kigoga fedha hakibagui kati ya mwamba wa Mungu na wa mradi.

Sayansi ya vigoga Tanzania imeelekezwa zaidi milimani, na kwa sababu nzuri. Tamás Pócs wa Hungaria, aliyefundisha Morogoro, alionyesha kwamba vigoga na mimea mingine inayoota juu ya miti katika msitu wa ukungu wa Uluguru inaweza kunasa takriban lita 50,000 za maji kwa hekta katika mvua moja. Mtu akishaona hesabu hiyo ni vigumu kumshawishi aje kupiga magoti juu ya kalavati Ruangwa. Lakini orodha ya vigoga vya nchi haikamiliki kwa misitu ya ukungu peke yake, na mtu wa kuvikusanya vya hapa si lazima atoke mbali.

Kukusanya ni rahisi. Bandua kipande kisichozidi sarafu, ukiache kikauke chenyewe kivulini, usikibane kama unavyobana maua, wala usikipulizie dawa. Kitie kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki huotesha kuvu. Juu ya bahasha andika tarehe, kijiji, kimo kama simu yako inakipima, kilipoota (saruji, naisi, udongo juu ya jiwe), kama ni juani au kivulini, na jina lako. Hebaria ya Taifa iko Arusha, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina yake. Sampuli ya kigoga iliyokauka vizuri hukaa zaidi ya umri wa aliyeikusanya.

Nawaomba hasa walimu wa Baiolojia wa sekondari za wilaya hizi mbili. Kundi la Bryophyta limo kwenye mtaala, na wanafunzi hulikariri kutoka kwenye mchoro ubaoni huku kitu chenyewe kiko kwenye ngazi ya darasa. Wapelekeni nje mwezi Februari, kila kikundi na lenzi moja. Kama ratiba inawasukuma hadi Agosti msiahirishe, kwa kuwa kitakuwa palepale; wakati huo bebeni na chupa ndogo ya maji.